Ni Majani Tu

Mtoto alirudishwa nyumbani kabla ya mapumziko ya saa nne, barua mkononi. Baba yake alikuwa barazani ameinamia cherehani, akimalizia pindo la suruali ya mteja mmoja asiyejua kusubiri. Alipoinua macho na kumwona bintiye kwenye lango la ua, begi mgongoni, jambo la kwanza lililomjia kichwani ni kwamba mwalimu amekufa. Watoto wa darasa la tano hawarudi nyumbani saa hizo bure.

"Kulikoni?"

Mtoto alisogea karibu. Alinyoosha barua kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ukaendelea kukuna shingo. Shingo ilikuwa imevimba na kuwa nyekundu, na vipele vilishuka mpaka ndani ya kola ya shati la shule, lile shati ambalo fundi mwenyewe alilishona likiwa na nafasi ya kukulia.

Fundi alivaa miwani yake ya kutungia uzi, akasoma. Mzazi unaarifiwa kwamba mwanao ana ugonjwa wa ngozi unaoambukiza. Asirudi darasani mpaka alete cheti. Aidha, watu wote wa nyumba hiyo wapimwe. Mhuri wa shule ulikuwa umegongwa mara mbili, kana kwamba mara moja isingetosha.

"Ulikuwa umekaa wapi mwalimu alipoandika haya?"

"Mlangoni. Alinitoa kwenye dawati akanikalisha mlangoni peke yangu. Halafu akawaambia wenzangu walifute dawati kwa dawa."

"Wakalifuta?"

"Mara tatu," alisema mtoto, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Kutoka ndani ilisikika sauti ya bibi, mama yake fundi. "Nilisema mimi! Tangu mama yake aanze kushinda huko mtoni nilisema, iko siku ataleta kitu ndani ya nyumba hii." Ni kweli alikuwa amesema. Lakini bibi huyu alikuwa na desturi ya kusema juu ya kila jambo, kwa hiyo hakuna baya lililowahi kutokea katika ukoo huo bila yeye kuwa amelitabiri.

"Mama, mtoto anasikia," fundi alisema.

"Na asikie. Nani anaumwa, si yeye?"

Fundi alimvua binti shati, akampa maji ya kunywa, akamkalisha kivulini karibu na cherehani. Mteja wa suruali alipofika na kumwona mtoto anavyojikuna, aliipokea suruali yake kwa ncha za vidole viwili. Hakuijaribu. Aliikunja, akaitia kwenye mfuko, akaondoka bila hata kuulizia kifungo kilichopotea. Fundi alimtazama hadi alipokata kona. Kwa miaka yote ya kazi yake, huyo ndiye mteja wa kwanza aliyeondoka bila kulalamika, na ilimuuma kuliko malalamiko.

Mama mtoto alirudi saa kumi na moja jioni, panga limefungwa kwenye gunia, sweta zito la kijivu limelowa jasho mgongoni. Mtaani alijulikana kama Mama Panga, na si kwa ubaya: alikuwa na mkono mwepesi, na pale wengine walipopiga mara tatu yeye alipiga moja. Alikuwa mmoja wa wanawake kumi na wawili walioajiriwa na kampuni kufyeka kingo za mto unaokatiza mji, ili mvua zikianza maji yapite, yasirudi kwenye nyumba za watu. Mwaka uliotangulia yalirudi. Baraza la mji lilipigiwa kelele, likatoa kazi kwa kampuni, na kampuni ikawatoa wanawake kumi na wawili na mapanga.

Aliisoma barua amesimama. Mikono yake ilikuwa na vipele kuanzia viganjani hadi viwikoni, vingine vipya, vingine vimeshakauka na kuacha makovu meusi. Alikuwa amezoea kuivuta mikono ya sweta chini kila alipopita sokoni.

"Kuambukiza," alisema. "Mimi nimemwambukiza nini? Mimi nina upupu."

"Upupu unakuwasha wewe uliyeushika," alisema mumewe. "Mtoto ameushikia wapi? Darasani?"

Mama Panga aliitazama shingo ya mtoto. Alijua upupu. Ulikuwa umejisokota kwenye vichaka vya kingo zote mbili, maganda yake yamekauka, yamevaa vinyoya vya rangi ya dhahabu ambavyo mtu asiyejua angeweza kudhani ni mahameli. Ukiligusa ganda, au upepo ukilitikisa tu, vile vinyoya vinapaa, vinaingia kwenye ngozi, na hapo utajikuna mpaka umsahau aliyekuzaa. Ndiyo maana akavaa sweta. Bibi mwenyewe ndiye aliyempa, zito, la sufu, akamwambia kitu kizito hakipenywi.

"Lilete hilo sweta," fundi alisema.

"La nini?"

"Wewe lilete, mama."

Alilitandaza juu ya meza ya cherehani, akavaa tena ile miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kitambaa. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha akatoa sauti kama mtu aliyechomwa sindano.

"Yesu na Maria! Humu mna shamba zima!"

Vinyoya vilikuwa vimenasa katika sufu, maelfu kwa maelfu, vimelala kati ya nyuzi kama vimepandwa. Sweta halikuwa limeuzuia upupu. Lilikuwa limeukusanya, siku baada ya siku, na kuuweka akiba karibu na ngozi.

"Hili unalifulia wapi?" aliuliza.

Mama Panga alionyesha ukutani kwa kidole. Kulikuwa na beseni moja tu la kufulia katika nyumba hiyo, la bluu, lililopasuka ukingo. Jumapili alikuwa ameloweka sweta humo, na maji yalipokuwa bado na povu, kwa kuwa sabuni haitupwi hivi hivi, akatia na mashati mawili ya shule.

Mtoto alitazama beseni lililoegemezwa ukutani. Bibi, aliyekuwa amesimama mlangoni tayari kutabiri, alilitazama sweta lake, akarudi ndani taratibu. Na fundi akaanza kukuna pua.

Kesho yake asubuhi Mama Panga alimpeleka mtoto zahanati. Walipanga foleni kwenye benchi refu, na watu wakasogea wenyewe kuwapa nafasi, nafasi kubwa kuliko waliyoihitaji. Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuchoka. Aliwatazama wote wawili, akanusa, akachukua utepe wa gundi, akaubandika kwenye shingo ya mtoto na kuuvuta kwa ghafla. Akauinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Upupu," alisema. "Nani kakwambia ni ugonjwa?"

"Shule."

"Shule wafundishe hesabu." Akasikiliza habari ya mto na sweta, akaandika huku anaongea. "Usimkune, na yeye asijikune, kukuna kunavisukuma vinyoya ndani. Bandika utepe, vuta. Nguo za mtoni zisiingie ndani ya nyumba, zifuliwe peke yake, na hilo sweta lichome moto. Na wewe, kazini hawakupi glovu?"

"Hawatupi hata maji ya kunawa."

"Basi naandika hivyo hivyo. Ngozi imeumizwa na mimea kazini. Si ugonjwa, haiambukizi." Akagonga mhuri mara moja, ukatosha.

Mama Panga alimrudisha mtoto nyumbani, akaenda mtoni na karatasi hiyo kifuani. Alifika amechelewa lakini hakutembea kwa haraka. Kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze alikuwa amekunja mikono ya blauzi.

Msimamizi wa kazi waliyemwita Filimbi alikuwa na ofisi ndani ya kontena la bati juu ya ukingo. Filimbi yake ilining'inia shingoni na ilipigwa saa tatu kamili, si kabla, kwa sababu kabla ya saa tatu nyasi huwa na umande na yeye alivaa viatu vya ngozi. Wanawake walikuwa wamemwambia mara nyingi kwamba umande ndio unaolaza vile vinyoya, kwamba wakianza alfajiri wataumia kidogo. Akawauliza nani kati yao amesomea uhandisi.

Aliisoma karatasi ya muuguzi, akairudisha kwa kuisukuma juu ya meza kwa kalamu.

"Hii sipokei."

"Kwa nini, bosi? Ina mhuri."

"Imeandikwa 'kazini'. Mimi hapa kazini sina kitu cha kumuumiza mtu. Kuna nini pale chini? Ni majani tu. Bibi zetu walilima maisha yao yote, nani aliwanunulia glovu?" Akafungua droo, akatoa fomu iliyochapwa. "Wewe una tatizo la ngozi la kwenu. Nasikia hata mtoto wako amefukuzwa shule kwa upele."

Mama Panga aliichukua karatasi yake mezani. Barua ilikuwa ya jana tu. "Nani kakwambia?"

"Mji huu una masikio. Sasa sikiliza, mimi sina roho mbaya. Ijumaa anakuja mhandisi wa baraza kukagua. Sitaki aone mikono kama hiyo. Tia saini hapa kwamba ulikuja na ugonjwa wako kutoka nyumbani, na mimi nakuhamishia juu barabarani, kuokota chupa na mifuko. Kivuli kipo, upupu hakuna. Usipotia saini, Ijumaa usije. Nakukata kwenye daftari."

Aliisoma fomu mpaka mwisho, neno kwa neno, na Filimbi akatikisa mguu akisubiri. Mimi niliyetia saini hapa chini nakiri kwamba nilikuwa na maradhi ya ngozi kabla ya kuajiriwa. Ilikuwa na nafasi ya jina, nafasi ya dole gumba kwa wasiojua kuandika, na nafasi ya shahidi, ambapo Filimbi alikuwa ameshatia saini yake.

"Naomba niende nayo nyumbani."

"Nenda nayo. Lakini Ijumaa ni Ijumaa."

Kule chini alimkuta Shangazi, mkubwa wao kwa umri, akifyeka huku ameupa kisogo upepo. Aliposikia habari ya fomu, Shangazi alichomeka panga ardhini.

"Mimi nilitia dole gumba," alisema. "Mwezi wa pili, mikono ilipovimba nikashindwa kufunga ngumi. Aliniambia ni karatasi ya likizo." Akatema mate pembeni. "Nilipotaka anirudishie nauli ya hospitali, akanisomea. Mwanangu, tangu siku ile mimi ni mgonjwa. Nilizaliwa mgonjwa, kwa mujibu wa dole langu mwenyewe."

Jioni fundi aliisoma fomu mara mbili, na akasema jambo ambalo baadaye angetamani kulimeza.

"Tia saini. Ni karatasi tu, mama. Karatasi haiwashi. Utakaa juu barabarani, utapumzika, mikono itapona."

Mkewe alikuwa anamvuta mtoto utepe shingoni. Hakugeuka.

"Nikitia saini kwamba nimetoka na ugonjwa nyumbani," alisema, "ile barua ya shule inakuwa kweli. Umelifikiria hilo? Nitakuwa nimemsainia na huyu. Atakaa mlangoni mpaka amalize shule, na nitakuwa nimemweka mimi, kwa mwandiko wangu."

Fundi aliikunja fomu, akaiweka juu ya cherehani.

"Na Shangazi alidhani ni karatasi tu."

"Basi utafanya nini? Ukienda Ijumaa anakukata. Ukibaki kule chini, utamalizika ngozi."

"Hilo ndilo ninalokuuliza wewe. Wewe si ndiye fundi? Miaka yote hiyo unakaa na vitambaa, hakuna kimoja kinachoweza kushindana na jani?"

Lilikuwa swali la hasira, lakini lilimwingia kama swali. Fundi alikaa akilitafuna. Kisha akavuta kopo la vipande, akakata kimoja cha jinzi, kimoja cha pamba, kimoja cha turubai, na alipokosa cha nne akainama chini ya meza palipokuwa na gunia la miavuli mibovu. Watu walimletea miavuli kuitengeneza na wengi hawakuirudia. Akakata kipande cha mwavuli mweusi.

"Una ganda la huo upupu?"

Lilikuwepo, limenasa kwenye gunia la panga. Mama Panga alilitoa kwa koleo la jikoni. Fundi alikunja shati, akanyoosha mkono wake wa kushoto mezani.

"Wewe una wazimu? Jaribu kwangu, mimi nimeshazoea."

"Kwako hatutajua kipi kipya na kipi cha jana. Weka."

Bibi alikuwa ametoka na kusimama nyuma yao. Mara hii hakusema kitu. Walitandaza vipande vinne mkononi pake, na Mama Panga akapitisha ganda juu ya kila kimoja, akikisugua kidogo kama kichaka kinavyosugua mtu anapopita. Wakasubiri. Haikuchukua muda. Pamba ilimwasha kwanza, jinzi ikafuata, na kwenye turubai akaanza kuchezacheza miguu chini ya meza huku akidai kwamba hasikii kitu. Chini ya kipande cha mwavuli ngozi ilibaki ngozi.

"Angalia," alisema, machozi yakimtoka kwa muwasho na furaha. "Umefumwa kwa kubana, maji yenyewe hayapiti. Halafu unateleza, vinyoya havina pa kushika. Ukiukung'uta tu, vinaanguka! Leteni utepe, nakufa."

Mkewe alimvuta utepe bila huruma, akicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Fundi alimshika mkono, ule wenye vipele, wakiwa wote na mikono inayowaka.

"Nilikwambia utie saini," alisema. "Nisamehe. Sikujua unavyouma."

Gunia la miavuli lilitoa mikono mirefu sita ya kuvaa, kuanzia kidole hadi kwapa, yenye lastiki juu na chini, na viganja vya mpira wa ndani wa baiskeli. Haikutosha. Bibi alijitanda akatoka, akapita nyumba kwa nyumba akiomba miavuli iliyovunjika, na kila alipoulizwa ya nini alisema: "Sweta langu limemchoma mjukuu wangu. Nalipa." Alirudi amebeba fungu chini ya kwapa, myeusi, ya maua, ya mistari, na mmoja wa mtoto mwenye picha za bata. Siku iliyofuata wanawake walikuja mmoja mmoja kupimwa. Shangazi alikataa mweusi. Alisema ametosha kuomboleza, akachukua bata.

Ijumaa walifika mtoni saa kumi na mbili, umande ukiwa bado umelala. Wote kumi na wawili. Walivaa mikono ya miavuli na vitambaa vya kufunika shingo, wakaketi juu ya ukingo, mapanga yamelala mbele yao. Filimbi alipokuja saa mbili na nusu na viatu vyake vilivyong'arishwa, aliwatazama kwa muda bila kuelewa anachokiona.

"Hii ni sarakasi gani?" Kisha akamwona Mama Panga. "Wewe nilikwambia nini? Fomu iko wapi?"

"Ninayo hapa."

"Umetia saini?"

"Bado."

"Basi huna kazi. Ondoka kabla mgeni hajafika."

"Nitaondoka," alisema Mama Panga, "nikishamsalimia."

Filimbi alipiga filimbi, kwa nguvu, kana kwamba mlio wake ungewainua kwa kamba. Hakuna aliyeinuka. Akapiga tena. Mmoja wao alipiga miayo.

Gari la baraza lilisimama juu barabarani, na mhandisi akashuka, mzee mwenye shati jeupe la mikono mifupi na miwani iliyoning'inia kwa uzi. Filimbi alimkimbilia, akaanza kueleza mita zilizofyekwa na zilizobaki, akimpitisha mbali kidogo na wale waliokaa. Lakini ni nani anayeweza kupita wanawake kumi na wawili waliovaa miavuli asigeuze shingo?

"Hawa ni nani?" aliuliza mhandisi.

"Wafanyakazi wetu, mzee. Wana mgogoro mdogo. Wanalalamikia majani."

"Majani gani?"

"Ni majani tu, mzee. Nyasi za kawaida za mtoni."

Mama Panga alisimama. Aliteremka hatua nne hadi kwenye kichaka cha karibu, akakata tawi moja kwa pigo moja, akapanda nalo mkononi. Umande ulikuwa umeanza kukauka. Maganda yalining'inia kwenye tawi, laini, ya dhahabu, yanapendeza kuyatazama. Alisimama mahali ambapo upepo ulimtoka mgongoni, kama Shangazi alivyomfundisha, na kati yake na wale wanaume wawili akaacha nafasi ya heshima.

"Shikamoo, mzee. Haya ndiyo majani tunayoyalalamikia."

Mhandisi alikuwa mtu wa ramani na saruji. Alikunja uso, akavaa miwani yake, akasogea aone vizuri. "Mbona mazuri tu," alisema, na akanyoosha mkono mtupu kulishika ganda.

"Usiguse, mzee!" Filimbi aliruka, akamvuta mkono kwa nguvu hata miwani ikaanguka. "Usiguse! Huo ni upupu, utakutoa ngozi!"

Alipokwisha kusema ndipo alipojisikia.

Kisha Shangazi akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyekisubiri tangu mwezi wa pili, na kikawashika wengine mmoja baada ya mwingine mpaka ukingo mzima ukawa unacheka. Mama Panga hakucheka. Alilaza tawi chini taratibu, akavua kiganja kimoja, akavuta mkono wa mwavuli mpaka begani. Mkono wake ukabaki wazi mbele ya mhandisi, pamoja na makovu yake yote.

"Mzee, wewe amekushika mkono kabla hujagusa hata mara moja. Sisi tumegusa miezi mitano." Alitoa fomu kifuani, akaikunjua. "Na hapa anataka nikiri kwamba niliyatoa haya nyumbani kwangu. Mwenzangu yule tayari ametia dole, aliambiwa ni likizo. Jina langu halimo na halitakuwemo. Naomba yeye aandike nyuma yake hayo maneno aliyokwambia sasa hivi. Hayo hayo, asiongeze."

Mhandisi alisoma fomu. Aliigeuza, akaona upande wa pili mtupu, akaigeuza tena. "Hili jambo nitalifuatilia nikifika ofisini," alisema.

"Lifuatilie ukiwa hapa hapa," Shangazi alisema, akajisogeza kwenye nyasi na kupigapiga mahali pembeni yake kumkaribisha. "Nafasi ipo. Sisi hatuna haraka, mvua ndizo zenye haraka."

Wanawake walimtazama. Juu barabarani watu walikuwa wameanza kusimama, na mwenye mkokoteni alikuwa ameshusha mzigo wake kabisa. Mhandisi alilitazama tawi, akatazama mto uliojaa vichaka, akatazama mawingu. Kisha akamkabidhi Filimbi kalamu yake mwenyewe.

"Andika."

Filimbi aliandika akiwa ameegemeza karatasi kwenye paja, mwandiko ukimwenda kombo. Mimea ya ukingoni ni upupu. Unaumiza ngozi. Mama Panga aliisoma kwa sauti mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya Shangazi, akaomba na tarehe iwekwe.

Glovu hazikuja siku hiyo, wala kesho yake. Wanawake nao hawakushuka. Zilikuja Jumatatu, sanduku moja, za saizi ya wanaume, pamoja na agizo kwamba kazi ianze alfajiri. Filimbi alikuja amevaa mabuti.

Asubuhi ya Jumanne mtoto alikuwa anajiandaa kwenda shule. Shati lilikuwa limefuliwa kwenye beseni jipya lililonunuliwa na bibi, na bibi alikuwa ameshatangaza kwamba atakayeligusa na nguo za mtoni atakiona cha moto. Karatasi ya muuguzi na nakala ya maandishi ya Filimbi zilikuwa ndani ya daftari. Mtoto alisimama mlangoni, begi mgongoni, asitoke.

"Mama, niazime mkono mmoja wa mwavuli."

"Wa nini?"

"Nichukue ganda moja. Mwalimu akisema ni upele, nimshikishe."

Fundi alikohoa nyuma ya cherehani kuficha kicheko. Mama Panga alikuwa anafunga panga kwenye gunia, tayari amechelewa kazi ya alfajiri. Alilifikiria jambo hilo kwa uzito kuliko ilivyostahili.

"Hapana," alisema. "Mpe karatasi. Kaa kwenye dawati lako, pale pale pako, usisubiri kuambiwa."

"Na akizikataa?"

"Akizikataa, uje uniite mtoni." Alikunja mikono ya blauzi hadi juu ya viwiko, akamshika mwanawe mkono, wakatoka pamoja kupita sokoni. "Nitakuja hivi hivi nilivyo."